Zuhura, pokea simu

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni juu yako, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea. Mwanaidi kaniambia hata yeye humpokelei. Kwangu mimi ujumbe wako wa mwisho ulikuwa "nipo tu". Wewe! Mtu ambaye kisa cha dakika moja unakisimulia saa nzima!

Hiyo "nipo tu" naijua. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza Machi 11, 2020 kwamba korona ni janga la dunia nzima, kisha tukaambiwa tubaki ndani, mimi nilianza kwa mbwembwe. Ratiba ukutani: lugha mpya, mazoezi, vitabu. Na kila kundi la WhatsApp likawa linatuma habari ileile ya Newton, eti mwaka 1665 tauni ilipofunga Chuo Kikuu cha Cambridge alirudi kwao kijijini, huko akafanya makubwa. Haya, tumesikia. Lakini Newton alikuwa kijana wa miaka 22, hana mke wala mtoto, hana bosi wa kumwita kwenye kikao cha video asubuhi na mapema, na hakuwa na simu ya kumhesabia maiti kabla hajalala. Wananikera hawa wanaotaka tutoke humu na vipaji vipya. Nani katupa likizo?

Basi ratiba ikanishinda. Mchana nalala, usiku macho makavu, nasoma takwimu. Halafu nikaona jambo, na usinicheke. Miaka yote nimelalamika: foleni, kelele za ofisini, yule dada wa dawati la pili unayemjua. Sasa foleni hakuna, ofisi hakuna, dada simwoni, na hasira bado ipo palepale, imekaa kwenye kiti inanitazama. Kumbe ilikuwa yangu. Nimenunua daftari, kila jioni naandika nimemkasirikia nani na kwa nini. Wengi hawafiki mstari wa tatu, sababu imeshaisha. Ukurasa wa mama ndio mrefu. Huo... tuuache, nitakusimulia kwa mdomo.

Hilo la kuandika sikulibuni mimi. Scott Kelly, yule mwanaanga wa Marekani aliyekaa karibu mwaka mzima kwenye kituo cha anga, alieleza gazetini Machi hiyohiyo namna alivyostahimili: kufuata ratiba, kulala kwa saa maalumu, kuandika shajara. Lililonikaa moyoni ni jingine. Wenzake huko juu walipenda kusikiliza sauti za duniani zilizorekodiwa, ndege, majani ya miti, hata mbu, wakawa wanazirudia na kuzirudia. Mbu, Zuhura! Tangu nisome hayo sijioni mwehu ninapofungua dirisha kusikiliza watu wa chini wakigombana.

Pazia pia nalifungua mara tu nikiamka, maana mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili saa ngapi. Usingizi umeanza kurudi, kidogo. Habari nasikiliza mchana tu. Lugha mpya nimeitupa, na sijuti.

Sasa narudi kwako. Sikuambii uchangamke, wala sitaki uniandikie "nitakuwa sawa". Nina ombi moja: kila siku saa moja jioni nitakupigia, wewe pokea. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nitaongea mimi, unajua hilo haliniwii zito. Ila pokea. Meseji hazinitoshi, nataka kusikia unavyovuta pumzi.

Unalala kweli? Unakula, au unadokoadokoa? Tangu wiki iliyopita umeongea na nani kwa sauti, si kwa maandishi? Kaka yako kikohozi kimeisha, au ndicho kinachokunyamazisha? Kama ni hicho, mbona hukusema? Na Mwanaidi kakuudhi nini, maana ananiuliza mimi, nami sina jibu la kumpa?

Naanza leo. Saa moja.

Ni mimi shoga yako,
Rehema