Kwikwi zikimshika mtoto katikati ya kunyonya, tumwachishe au aendelee?

Ndugu Mhariri,

Sisi ni wauguzi wawili tunaohudumia akina mama na watoto wachanga, na kuna jambo moja hatujakubaliana. Mtoto akishikwa na kwikwi katikati ya kunyonya, atolewe titini mpaka zitulie, au aachwe aendelee? Huenda swali likaonekana dogo, lakini kwa mtoto tunayemweleza hapa ndilo linaloamua kama atashiba.

Ana siku 28. Alizaliwa kwa wakati wake akiwa na gramu 3,100. Siku ya 5 alikuwa na 2,880, yaani alipungua asilimia 7 hivi, kiasi cha kawaida kwa siku hizo. Siku ya 14 alikuwa na 3,140 na leo ana 3,520. Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Analowesha nepi 7 au 8 kwa siku, hana homa, hatapiki kwa kurusha mbali, na maziwa anayocheua ni meupe, hayana kijani wala damu. Tumeyatanguliza haya kwa sababu mshauri yeyote makini atauliza kwanza kuhusu uzito. Anaongezeka gramu 27 hivi kwa siku, kwa hiyo hatutafuti ugonjwa.

Tabu iko wakati wa kunyonya. Maziwa ya mama huyu hushuka kwa nguvu nyingi. Dakika ya kwanza tu mtoto huanza kugugumia, anameza mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi, maziwa yanamwagika pembeni mwa mdomo, wakati mwingine anakohoa na kuachia titi. Ikifika dakika ya 4 au ya 5, kwikwi zinaanza. Mama amezoea kumtoa hapo hapo na kumweka begani. Zikiisha, baada ya dakika 10 au 15, mtoto ameshapitiwa na usingizi. Haipiti saa nzima kabla hajaamka na njaa. Mama alipoandika kila mara aliyonyonyesha kwa saa 24, tulihesabu mara 17, wakati mtoto wa umri huu kwa kawaida hunyonya mara 8 hadi 12.

Hofu yetu ni kwamba kumtoa titini kunazizalisha kwikwi zile zile zinazoogopwa. Titi halimalizwi, linabaki limejaa. Likijaa, maziwa yanashuka kwa nguvu zaidi mara inayofuata. Mtoto anagugumia tena, anameza hewa pamoja na maziwa, tumbo linatanuka ghafla. Tumbo hilo limelala chini ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikisumbuliwa hujikaza kwa mshtuko, hewa inavutwa ndani, na njia ya sauti inajifunga papo hapo. Huo ndio mlio tunaousikia. Isitoshe, mtoto anayenyonya dakika 5 kila mara hupata zaidi yale maziwa ya mwanzo yenye mafuta kidogo. Yanapita haraka tumboni, sukari yake inafika kwenye utumbo kwa wingi, gesi inaongezeka. Kinyesi cha mtoto huyu kimekuwa cha kijani chenye povu kwa siku tatu sasa.

Ushikaji wa titi tumeukagua, na hauna kasoro: mdomo umefunguka wazi, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu kuliko chini. Kijiko cha maji ambacho mama alikuwa ameshauriwa ampe tumekikataza. Maji yanachukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo, na figo za mtoto mchanga bado hazimudu kuyatoa yakizidi, hivyo chumvi ya mwilini inaweza kushuka hadi mtoto akapata degedege. Kumshtua, kumvuta ulimi, kumbana pua au kumbonyeza utosi, yote hayo tumeyakataza pia. Kwikwi zenyewe hazimuumizi. Alikuwa nazo tangu tumboni mwa mama, ambako wajawazito wengi huzihisi kama mipigo midogo inayofuatana kwa mpangilio.

Kilichotufumbua macho ni chupa ya usiku. Baba humpa mililita 90 za maziwa yaliyokamuliwa, na mwanzoni alikuwa anazimaliza kwa dakika 6, akiwa amelazwa chali mkononi, chupa imesimama wima. Kwikwi zilikuwa hazikosi. Tukabadilisha chuchu ya chupa tukaweka yenye tundu dogo. Chupa ikipinduliwa, maziwa yadondoke tone moja moja, yasitiririke. Sasa mtoto anakalishwa nusu wima, kichwa na shingo vimeegemezwa, na chupa inashikwa karibu kulala, chuchu ikiwa na maziwa ya kutosha kufunika ncha yake. Kila baada ya kumeza mara 5 au 6, baba anaishusha chupa maziwa yaondoke kwenye chuchu bila kuitoa mdomoni, mtoto anapumua, kisha anaendelea. Mililita 30 zikiisha, anabeulishwa: anakaa mapajani, kidevu kimeshikwa kwa vidole bila kugusa koo, mgongo unasuguliwa kwenda juu. Hewa isipotoka kwa dakika 3, anaendelea kunywa bila kulazimishwa. Mililita zile zile 90 sasa zinachukua dakika 20, na kwikwi huja mara moja moja tu.

Kwa hiyo kasi ndiyo chanzo. Hilo hatuna shaka nalo. Ila titi halina chuchu ya kubadilisha. Mama ameanza kunyonyesha akiwa ameegemea nyuma, mtoto amelala kifuani juu yake, ili maziwa yapande badala ya kummiminikia. Wimbi la kwanza analiachia kwenye kitambaa safi kwa nusu dakika hivi, halafu ndipo anamrudisha mtoto. Hali imekuwa nafuu, lakini haijaisha, na hapo ndipo tunapogawanyika.

Mmoja wetu anasema kwikwi zikianza mtoto atolewe, abeulishwe, na arudishwe titini ndani ya dakika 5 hata kama hazijaisha, kabla usingizi haujamchukua. Akisinzia, abadilishwe nepi ndipo apewe tena titi. Mwingine anasema mtoto aliyetulia asitolewe kabisa, kwa kuwa kunyonya na kumeza kwa mpangilio ndiko kunakokituliza kiwambo. Atolewe tu akikohoa, akigeuza uso au akilia. Tunaomba mliowahudumia watoto wa namna hii mtuambie ni njia ipi imewarudisha kwenye kunyonya mara 8 hadi 12, na ilichukua siku ngapi.

La pili, je, tumshauri mama abaki na titi moja kwa saa 3, kila mtoto anapotaka, ndipo ahamie jingine? Tunajua njia hii hupunguza maziwa, na ndiyo shabaha yake. Lakini katika wiki ya 4 wingi wa maziwa bado unajipanga, na tunaogopa yasije yakapungua kupita kiasi, au titi linalosubiri likavimba na mirija kuziba. Mama akikamua kwa ajili ya nafuu tu, aishie wapi? Akikamua sana mwili utadhani mtoto anahitaji zaidi, na tutarudi tulikoanza.

La mwisho linahusu usiku. Tumemwambia amshike mtoto wima dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya, kisha amlaze chali kwenye godoro tambarare, bila mto wala kuinua upande wa kichwa. Akinyonya mara 5 usiku, hizo ni takriban saa 2 za usingizi wa mama ambaye tayari amechoka mno. Kwa mtoto anayecheua kidogo tu na uzito wake unapanda, je, dakika 10 hazitoshi?