Usiiuze hiyo amplifaya kwanza

Ndugu yangu,

Habari za siku nyingi, mi mzima na huku wote wazima. Nimesoma ulivoniandikia kuhusu redio yako mpya, kwamba spika ni kubwa, amplifaya ina wati 50 kila upande ila besi haisikiki, muziki mwepesi kama unatoka kwenye simu, na sasa unataka kuiuza uchukue ya wati 100. Nakuomba usiiuze kwanza. Ningekuwa karibu ningekuja leo leo, ila kwa kuwa niko mbali acha nikuandikie.

Tuanze na hizo wati. Wengi tunadhani wati 100 inalia mara mbili ya wati 50, sivyo kabisa. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani unasikia imepanda kidogo basi, ili sikio lione imelia mara mbili unahitaji wati kama mara 10 hivi. Angalia karatasi iliyokuja na spika, kuna namba ya desibeli kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Spika yenye 90 ukiipa wati 50 inalia sawa na yenye 87 ukiipa wati 100. Kwa hiyo ukiuza na kununua nyingine utatoa hela nyingi alafu tatizo litabaki pale pale, na hiyo inaniuma kwa sababu najua ulivojibana kupata hiyo.

Ninachohisi mimi ni waya. Yalishanikuta. Nilifunga spika zangu kwa waya ambao pande zote mbili rangi moja, nikawasha, sauti ya mwimbaji sijui inatokea wapi, mara kushoto mara kulia mara kama iko ndani ya kichwa changu, na besi hamna. Siku tatu nazungusha besi na trebo, nahamisha spika, silali vizuri. Siku ya tatu jioni nikazima, nikachomoa waya nyuma ya spika ya kulia nikaugeuza, ule wa juu ukaenda chini na wa chini ukaenda juu, nikawasha tena. Besi ikaja hapo hapo, glasi ya maji iliyokuwa mezani maji yake yakaanza kutetemeka, na mwimbaji akasimama katikati kabisa, pale ukutani pasipo na spika yoyote. Nilikaa chini nikasikiliza mpaka usiku wa manane.

Sababu ni hii, ukifunga plasi na mainasi kinyume kwenye spika moja, wakati wufa ya kushoto, yaani ile spika kubwa ya besi, inasukuma hewa mbele, ile ya kulia inavuta nyuma, zinauana, na besi ndo inayokufa kwanza. Kupima ni rahisi, zima amplifaya, chomoa waya wa spika upande wa amplifaya, chukua betri ya kawaida ya volti 1.5, ncha ya waya iliyokuwa kwenye nyekundu ya amplifaya gusisha kwenye plasi ya betri na nyingine kwenye mainasi, gusa tu uachie usishikilie. Toa kitambaa cha mbele uangalie wufa, ikiruka kuja nje uko sawa, ikiingia ndani basi huo waya umegeuka. Fanya na ya pili. Alafu ukirudisha hakikisha nyekundu iende nyekundu. Papasa waya wako na vidole, mara nyingi upande mmoja una mstari au mikwaruzo midogo, hiyo ndo alama.

Ukimenya waya toa kama sentimita 1 tu, usokote vizuri, usibaki hata unywele mmoja wa shaba umetoka pembeni ukagusa wa pili, hapo ndo amplifaya zinapoungulia. Na zima kabla hujashika chochote.

Sasa umesema spika moja iko juu ya kabati na nyingine chini nyuma ya kochi. Hapana jamani. Zitoe zote ziwe mbele yako, urefu sawa, kile kispika kidogo cha juu kiwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Kama kati yao ni mita 2 basi na wewe kaa mita 2 hivi kutoka kila moja, uzigeuze kidogo zikutazame. Besi hupenda ukuta, ukiisogeza spika karibu na ukuta besi inaongezeka, ukiisukuma mpaka kwenye kona inazidi ila inakuwa na mvumo mzito unaofunika maneno. Anza kama nusu mita kutoka ukutani, weka wimbo unaoujua vizuri, alafu sogeza kidogo kidogo usikilize. Hapo usiwe na haraka, mi naona hii ndo kazi yenyewe, kufunga waya ni dakika 10. Na kama chumba hakina zulia wala pazia sauti itarukaruka ukutani, tandika kitu.

Zile spika ndogo 2 za zamani ulizotaka kuunganisha pamoja na hizi, usiziunganishe mpaka usome nyuma ya amplifaya. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme) ukiipachika sambamba na nyingine ya omu 8 inakuwa 4, na kama pameandikwa isipungue 8 amplifaya itachemka. Na ukipandisha sauti ikaanza kukwaruza shusha saa hiyo hiyo, kule kukwaruza ndo kunaunguza kispika cha juu, hata kama wati zenyewe ni chache.

Leo fanya hilo la betri tu, mengine kesho. Niandikie ni ya kushoto au ya kulia ndo imeingia ndani, nasubiri.

Wako akupendaye