Barua kwa Koku kuhusu tarehe 21

Mwanza, 3 Mei

Koku wangu,

Nisalimie baba mkubwa, mwambie shikamoo yake naituma hukuhuku kwenye karatasi. Watoto hawajambo? Sisi wazima. Mama Shija karudi kutoka Geita, mguu umepona, na ameshaanza kugombana na fundi wa paa. Najua nimekaa kimya tangu Krismasi, na salamu zako za Pasaka sikuzijibu. Unisamehe. Kuna jambo nimelibeba wiki mbili sasa, na kila nikishika simu nikupigie naona hili si la simu.

Ule ubao wa nje ya ofisi ya walimu unaukumbuka? Tangu Januari nauandika kila asubuhi: "Siku kama ya leo", kisha tukio moja chini yake. Januari 12, Mapinduzi ya Zanzibar, 1964. Februari 5, Azimio la Arusha, 1967. Watoto walikuwa wakipita tu, mpaka Aprili 12. Siku hiyo niliandika kwamba mwaka 1984 Waziri Mkuu Sokoine alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, akitokea Dodoma. Wakasimama. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili akasema bibi yake akisikia jina hilo mpaka leo analia. Tangu hapo wananisubiri wao, na wengine wanaleta tarehe za kwao.

Sasa imeingia Mei, na unajua naelekea wapi.

Nimeandika kwenye daftari kwanza, nione litakavyokaa: "21 Mei 1996, Jumanne. Meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa." Nikaisoma, nikaifuta, nikaiandika tena. Kuna binti anayekaa Igoma, kila siku anapita pale makaburini walikozikwa watu wa meli ile, kuja shule. Aliniuliza, "Madam, walikuwa wangapi hasa?" Nikamweleza kwamba meli ilijengwa kwa watu 430, na kwamba orodha ilikuwa na majina 443 ya daraja la kwanza na la pili. "Na la tatu?" Nikamwambia daraja la tatu halikuwa na orodha. Watu walipanda, wakajitafutia pa kukaa kati ya mizigo na ndizi, basi. Akaniangalia, Koku. Akauliza, "Kwa hiyo hao hawakuandikwa popote?"

Nilishindwa kuendelea na kipindi.

Mimi nilikuwa darasa la tatu. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, lakini kwetu zilikuwa nyingi zaidi, maana baba alikuwa anashinda bandarini. Akirudi anavua viatu nje, anakaa kizingitini, chakula hagusi. Usiku nilimsikia akimwambia mama kwamba meli ilikuwa imelala kifudifudi, na waliokuwa ndani wanagonga chuma. Wakatoboa tundu ili wawatoe, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Hakulisema tena mpaka anakufa. Hata sasa jirani akigonga bati namkumbuka amekaa pale kizingitini.

Halafu nakukumbuka wewe, ule usiku chuoni umeme ulipokatika. Uliniambia mama yako alipanda Kemondo, daraja la tatu, na mikungu miwili ya ndizi ya kupeleka kwa mdogo wake. Kwamba doti ya kanga aliigawa: kipande kimoja akajifunga, kingine akakuachia ujifunikie. Nilikushika mkono, sikujua la kusema. Nadhani nimelijua juzi, mbele ya yule binti.

Ninachokuomba ni hiki. Niruhusu tarehe 21 niandike jina la mama yako. Jina lake lote, kwa herufi kubwa, na chini yake "daraja la tatu". Ile hesabu ya watu nitawaeleza kwa mdomo. Wale watoto walijue jina moja la mtu aliyekuwa mle, ambaye hakuna karatasi iliyomtaja. Ukisema hapana, nitaandika ile ya kwenye daftari na sitakuuliza tena, na kati yetu hakitaharibika kitu.

Kuna lingine, nalo naliogopa zaidi. Kila mwaka siku hiyo watu wanakwenda Igoma kuomba. Hujawahi kufika, najua, kwa sababu hamkujua kama yumo pale au alibaki ziwani. Mwaka huu nitakuwepo, na ningependa tusimame wote wawili.

Baba mkubwa atasemaje? Nimwombe yeye kwanza au utazungumza naye wewe? Niandike jina gani, la ubatizo au lile alilokuwa anaitwa nyumbani? Mdogo wake yule wa huku Mwanza bado yupo Nyakato, naye nimwambie? Kile kipande cha kanga bado unacho? Kiliandikwa nini, maana uliniambia nikasahau? Na ukija, unakuja na basi la siku gani nikupokee?

Nijibu kabla ya tarehe 18. Chumba cha nyuma kiko wazi, nimeshatandika.

Ni mimi wako,
Neema