Binti yangu anang'oa nywele, nami namficha vidole vyangu

Shangazi, assalaam aleykum.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala. Binti yangu ana miaka 12, yuko gredi ya saba. Kabla ya Ramadhani nilikuwa namsuka, nikaona utosini pana kipara, ukubwa wake kama kifuniko cha soda. Nikadhani mapunye. Nikanunua dawa ya kupaka, wapi! Bibi yake akasema ni husuda. Akasomewa, akanywa kombe la zafarani. Kipara kikazidi kupanuka, ushungi ukawa ndio sitara yake.

Siku moja nafagia chini ya kitanda chake, nikakuta nywele kibao. Usiku nikamvizia. Alikuwa anasoma, mkono wa kushoto ukapanda kichwani, ukapapasa, ukachagua unywele mmoja, ukaung'oa. Kisha akaupitisha mdomoni polepole, upande wa mzizi. Macho hayakutoka kitabuni. Nilimpiga, Shangazi. Wiki ile nilimpiga mara tatu, na babake akamtishia kumnyoa.

Daktari wa ngozi ndiye aliyetufumbua macho. Alimulika kile kipara, akanionyesha nywele zilizokatika, hii fupi, ile ndefu kidogo, akasema hii ni kazi ya vidole. Akamuuliza kwa upole kama huzimeza, maana zikijaa tumboni hufanya donge, na wengine hupasuliwa kutolewa. Alhamdulillahi, hamezi. Kumbe ni ugonjwa, trikotilomania, jina lililotolewa na daktari Mfaransa, Hallopeau, mwaka 1889. Mara nyingi huanza umri huuhuu. Si utovu wa adabu, na kipigo hakiutibu. Alinieleza tiba ambayo Azrin na Nunn waliieleza tangu mwaka 1973: mtoto ajifunze kuutambua mkono unapoanza kupanda, kisha akunje ngumi aibane mpaka hamu ipite. Yataka mshauri anayeijua, tena subira.

Halafu akasema ugonjwa huu una ndugu yake, wa kubambua ngozi, ambao mwaka 2013 uliingizwa katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani. Hapo nikaiingiza mikono yangu ndani ya leso.

Mimi nauza viazi karai jioni, hapa Majengo. Kidole gumba cha kulia nakibambua tangu niko shule ya msingi. Kikifanya kigaga nakibandua, damu itoke, nipate utulivu kidogo, kisha aibu. Nikikamua ndimu au nikichanganya ukwaju na pilipili, nauma meno. Wateja wakiuliza, nasema nilijikata. Mume wangu mwenyewe anaamini ni kisu. Kwa hiyo nilikuwa nampiga mtoto kwa jambo ambalo mimi, mtu mzima, limenishinda.

Sasa nataka kumwambia, lakini naogopa. Naogopa atapata kisingizio, aone kama mama hakuacha, naye ataachaje. Na zaidi naogopa ataniuliza, mbona ulinipiga? Jana tulikuwa jikoni, akakunja ngumi, akahesabu mpaka mkono ukatulia. Nikafurahi, nikamshika shavu. Akakiona kidole. "Mama, umefanya nini hapa?" Nikamwambia kisu.

Shangazi, nimwambie? Nianze kwa kumwomba radhi au kwa kumwonyesha kidole? Na kama wewe au msomaji yeyote anamjua mshauri wa tiba hii hapa Mombasa, tafadhali nielekezeni. Tutakwenda sote wawili.

Mama wa Majengo, Mombasa