Andikeni basi nani anafaa kupata hizi pesa za serikali

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu niko shule ya msingi hapa Kisauni na sijawahi kuwaandikia barua hata moja, si wakati wa shida ya maji, si wakati wa stima, si wakati wa feri. Lakini ile taarifa yenu ya juzi, ile yenye picha ya vijana wameshika hundi kubwa ya karatasi, imenishinda kunyamaza. Mmesema serikali inatoa pesa kwa vijana na akina mama na watu wachangamkie. Wachangamkie wapi? Waende kwa nani? Pesa zenyewe ni za kurudisha au si za kurudisha, mwisho wa umri ni ngapi, cheti gani kinatakiwa? Nusu ukurasa mzima, na hakuna mstari hata mmoja wa kumwambia mtu wa Mtopanga kama yeye yumo ama hayumo.

Binti wa kaka yangu anauza viazi karai na bajia Mishomoroni jioni, ana miaka 28, watoto wawili, na shule aliachia kidato cha pili babake alipofariki. Ilipotangazwa ruzuku ya NYOTA, mradi wa serikali wa kuwainua vijana, ile ya shilingi 50,000 ambayo hairudishwi, alisikia kama tulivyosikia sote, vipande vipande, huyu anasema hivi yule anasema vile. Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa akatokea mtu na picha yake amevaa beji shingoni, anasema yeye ndiye ajenti wa wadi, fomu ni shilingi 1,500 na nafasi zinaisha. Binti akatuma, na hiyo ilikuwa pesa ya mafuta na unga wa dengu. Yule mtu akarudi kuomba nambari ya kitambulisho na pini ya M-Pesa, hapo kwenye pini alhamdulillahi alikataa. Kesho yake mtu katoka kwenye grupu na laini haipatikani.

Mtasema basi huyo ni tapeli na matapeli wako kila mahali. Sawa, lakini hasira yangu kubwa haiko kwa tapeli, sikilizeni kilichofuata. Baada ya kuibiwa yule binti alifanya jambo la busara kabisa, akavaa buibui lake akaenda ofisi moja ya serikali kuuliza ukweli ni upi, ofisi yenyewe siitaji. Akapanga foleni na mtoto mgongoni, alipofika dirishani afisa hata hakuinua kichwa, akamuuliza umesoma mpaka wapi, akasema kidato cha pili, akaambiwa hii si yako, hii ni ya waliosoma, nenda nyumbani. Mhariri, masharti ya mradi ule nimeyasoma mwenyewe! Ni wa vijana wa miaka 18 mpaka 29, wenye ulemavu mpaka 35, walio na elimu ya kidato cha nne KUSHUKA CHINI. Yaani yule binti aliyefukuzwa ndiye hasa aliyewekewa zile pesa, na aliyemaliza chuo kikuu ndiye asiyefaa, na mtu anayelipwa mshahara kukaa pale dirishani alikuwa analijua jambo kinyumenyume. Na maombi yalikuwa bure, mtu anabonyeza *254# kwenye simu yake mwenyewe amekaa barazani kwake, hakuna fomu ya karatasi, hakuna ajenti wa wadi, hakuna shilingi 1,500 ya mtu yeyote. Mpango ulikuwa angalau vijana 70 kila wadi, wadi 1,450 nchi nzima, na sisi Mombasa tuna wadi 30 kwa hivyo ni vijana 2,100 hivi wa mji huu peke yake. Alipokuja kwangu analia, shangazi kumbe ndio mimi niliyekuwa natakiwa, maombi yalikuwa yashafungwa. Nani atamjibu? Mtu hakuiba, hakudanganya, hakuchelewa kwa uvivu, aliuliza pale pale mahali pa kuuliza na akajibiwa uongo.

Na hiyo *254# nayo ina mambo yake, kwa sababu ndio nambari ile ile ya Hustler Fund, mkopo wa serikali wa kwenye simu, tangu ilipoanza Novemba 2022. Rafiki yake huyo binti alibonyeza moja, akabonyeza mbili, akakubali masharti asiyoyaelewa, pesa ikaingia akapiga vigelegele kwamba ruzuku imeanza kuingia kidogo kidogo. Kumbe amekopa shilingi 500, mkononi akapata 475 kwa sababu asilimia 5 inakwenda akiba, na anatakiwa kulipa ndani ya siku 14. Ruzuku na mkopo mlango mmoja, na hakuna mtu mlangoni wa kukuambia ingia huku usiingie kule.

Nyinyi mnajua tofauti, kwa nini hamuiandiki? Women Enterprise Fund ipo tangu 2007 na ni mkopo. Uwezo Fund ilizinduliwa 2013 na ni mkopo, hauna riba lakini unarudishwa, na unapitia kikundi. Youth Fund ya miaka 18 mpaka 35, mkopo pia. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama na nimeona kwa macho yangu vikundi vikivunjika, nusu ya wanachama walidhani wamepewa, wakagawana, mmoja akafanyia harusi ya mtoto wake kwa hizo pesa, kisha mwaka ukageuka wakaanza kudaiwa na sasa hawasalimiani hata msibani. Zisizorudishwa zipo lakini ni chache na kila moja ina mtu wake. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliofika miaka 70, kwa nyumba zinazolea mayatima na kwa wenye ulemavu mkubwa, si kwa kila mama mjane kama watu wanavyoambiana sokoni. Ile ya miradi ya NGAAF, mfuko wa serikali unaopitia kwa mbunge mwakilishi wa wanawake wa kaunti, inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, na kikundi kwa sheria ya usajili wa vikundi ya 2022 ni watu 10 au zaidi, kwa hivyo ukienda peke yako na shida zako utarudi nazo. Mwenye ulemavu anayeomba pesa za baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu lazima kwanza awe ameandikishwa na baraza hilo. Hayo yote nimeyaandika kwa aya moja tu, mimi mama wa nyumbani, na gazeti zima lenye waandishi waliosomea kazi limeshindwa.

Kisha basari, na hii nayo imenikaa rohoni. Mombasa tuna maeneo bunge sita, Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, kila moja lina basari yake ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, halafu kaunti ina yake. Mzazi wa kawaida hajui ipi ni ya mbunge ipi ni ya gavana, anaandika zote, anapiga fotokopi ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtoto, barua ya shule, anatafuta mhuri wa chifu, na fomu yenyewe imejaa Kiingereza kizito mpaka amlipe kijana wa saiba, duka la kompyuta, amjazie. Katiba kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, sasa kwa nini mama wa Likoni alipe mtu amsomee fomu ya serikali yake mwenyewe? Baada ya hapo kimya. Huambiwi umepata, huambiwi umekosa, orodha ya waliopata huioni imebandikwa, unamuona tu mtoto wa mwenye duka la jumla amelipiwa na wako amerudishwa nyumbani.

Mimi ninalotaka ni ubao. Kila ofisi ya chifu, geti la soko la Kongowea, na pande zote mbili za feri pale watu wanaposubiri na hawana la kufanya, wekeni ubao mweupe, herufi nyeusi za upana wa vidole vinne ili hata mzee wa macho hafifu asome bila miwani. Kila fund ipewe mistari mitano, jina lake, inarudishwa au hairudishwi, umri, karatasi zinazotakiwa, inafunguliwa lini na kufungwa lini. Chini kabisa kwa rangi nyekundu iandikwe kwamba maombi ni bure, kwamba hakuna ofisi ya serikali inayoomba pini yako, kwamba tovuti ya kweli ya serikali inaishia na go.ke, na meseji ya kitapeli ukiipata kwenye laini ya Safaricom unaituma 333 bure. Pembeni yabandikwe majina ya waliopata wa wadi hiyo. Naibu wa chifu aweke sahihi yake kila tarehe 1 ya mwezi kuonyesha ameuhakikisha. Na akifika mtu dirishani na swali, afisa asome ubaoni asijibu kwa kukisia. Hata sheria iko upande wetu, kifungu cha 35 cha katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini, na sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu ukiuliza kwa maandishi. Sasa kama tuna haki ya kujibiwa kwa barua, tunashindwa vipi kuandikiwa ukutani?

Na nyinyi pia mna fungu lenu. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, ukurasa wa pili juu kulia, chapisheni hiyo mistari mitano ya kila fund, ile ile, mwezi baada ya mwezi mpaka watu waikariri. Mkisema hakuna nafasi, matangazo ya waganga wa kurudisha wapenzi yanakula robo ukurasa kila siku, hiyo robo siku moja kwa mwezi inatutosha.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa