Barua kwa mwanangu: usingoje Jumatatu

Mwanangu mpenzi,

Jana kwenye simu uliniambia mume wangu, huyo mjukuu wangu mdogo, anachemka tangu juzi. Ukimpa panadol anapoa, anacheza, usiku unaingia anachemka tena. Ukasema, "Mama, naangalia mpaka Jumatatu." Sikulala.

Mpeleke leo. Ana miezi tisa tu, na mbu wa huko Ifakara ni wale wale wa huku kwetu Muheza. Panadol inashusha joto, haigusi kilicholeta joto. Zahanati watamtoboa kidole, na jibu la malaria halichukui hata nusu saa. Wakiikuta watampa dawa ya mseto kwa uzito wake, siku tatu, asubuhi na jioni, ila dozi ya pili ni baada ya kupita saa nane tangu ile ya kwanza. Mmalizie hata akianza kucheka. Wasipoikuta, usiondoke na mseto wa kubahatisha. Waombe wamwangalie masikio, kifua, mkojo.

Kuna jambo sijakusimulia vizuri. Mwaka 1997 ulikuwa na mwaka na nusu. Ulishikwa na homa jioni, nikakufunika blanketi ili utoke jasho, ndivyo tulivyojua. Usiku macho yakapinduka, mikono ikakaza, povu likatoka. Bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, akasema ni degedege: dege limepita juu yako, na ukichomwa sindano utakufa. Ukafukizwa kwa kinyesi cha tembo mpaka alfajiri. Nami nilikuwa mke mgeni katika nyumba ile, nikanyamaza. Tulipofika hospitali ulikuwa hushtuki hata ukifinywa. Ukawekewa dripu ya kwinini, dawa ya malaria kali ya siku zile, na mimi nikakaa nimeshika kidole chako mpaka kiliponishika.

Nimewaza miaka yote hii kwa nini watu waliiogopa sindano. Hawakuwa wajinga, waliona kwa macho yao. Mtoto alipelekwa akiwa amekwisha, akachomwa, akafariki. Lawama ikabaki kwa sindano, usiku uliopotea hakuna aliyeutaja. Bibi yako alikupenda kuliko roho yake. Kunyamaza kwangu ndiko kunaniuma hadi leo.

Kwa hiyo mama, mjukuu wangu akikaza viungo, mlaze ubavu, mlegeze nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Hata ikipita kwa dakika mbili, nenda. Asiponyonya, akitapika kila kitu, akilegea na kusinzia ovyo, hapo hata asubuhi usiisubiri. Kupumua nako kuangalie: akiwa ametulia, mhesabie dakika nzima. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno.

Panadol ya maji soma chupa. Kama imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, basi kwa kilo zake 8 ni mililita 5, kwa kipimo cha chupa, si kijiko cha chai. Subiri zipite saa sita kabla ya kurudia, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini hapana. Na usikubali duka la dawa wamchome sindano ya kushusha homa. Usimwogeshe maji ya baridi, yanamtetemesha tu. Mvue zile sweta, mnyonyeshe kila anapotaka.

Mkweo akisema mtoto amepitiwa na dege, msikilize kwa heshima, umjibu kwa heshima, huku umeshambeba mgongoni.

Nimekutumia nauli ya bajaji, kwenda na kurudi. Beba kadi ya kliniki na hiyo chupa ya panadol, wajue umempa nini na saa ngapi. Wakishamtoboa kidole nipigie kabla hujatoka pale. Simu ninayo mkononi.

Mama yako