YAH: Malalamiko ya wosia wa mama yangu kusomwa mapokezini

Kwako Wakili Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimejitahidi kuandika kwa heshima. Pale itakapoonekana imepungua, naomba ujue chanzo kimetoka ofisini kwako.

Jalada unalijua: wosia wa mama, pamoja na hati ya uwakilishi ili nimsaidie mambo ya benki siku ambazo miguu haimruhusu kutoka. Ni kazi za kawaida ambazo ofisi yako inazifanya kila wiki. Makubaliano ya ada mliyaandika wenyewe, na risiti ninayo.

Tulikuwa tumekaa mapokezini tunasubiri, mama katikati, mimi na mdogo wangu pembeni yake, na viti vyote vimejaa wateja wengine. Wakili wako akafungua mlango akiwa na rasimu mkononi, akatangaza kwa sauti ya dalali mnadani: “Nani hapa mwenye wosia wa nyumba kwenda kwa mtoto wa mwisho?” Hakuita jina wala namba ya jalada. Mama akainua mkono. Badala ya kumkaribisha ndani, akamsomea palepale, mbele za watu, nani kaachiwa nini. Alipomaliza akamuuliza, “Hawa wengine mbona umewanyima nyumba? Una akili timamu kweli, bibi?”

Swali la akili timamu silipingi. Wakili anayemwandikia mzee wosia lazima ajiridhishe kwamba anajua anachokigawa na anawakumbuka wanaomtegemea. Lakini swali hilo huulizwa chumbani, mlango umefungwa, tena watoto tukiwa nje, ili mzee aseme yake bila kutuangalia usoni. Siri ya mteja si hisani ya wakili. Ni wajibu wake, na haukomi hata mteja akifa. Wa kwetu yu hai, na siri yake ilimwagwa akiwa ameketi hapo anasikiliza.

Miongoni mwa waliokuwa wakisubiri alikuwepo jirani yetu. Kabla jua halijazama kaka yangu mkubwa alishapiga simu, anamuuliza mama amemkosea nini. Wosia hauna nguvu mpaka mwenyewe afariki, na mama angeweza kuubadili hata kesho yake asubuhi. Sasa kuna ugomvi juu ya karatasi ambayo hata haijasainiwa.

Ndiyo, haijasainiwa, na hapo pana jingine. Tulipoingizwa ndani hatimaye, wakili wako alitafuta mashahidi, akakosa karani aliye karibu, akamgeukia mdogo wangu: “Wewe saini hapa kama shahidi, tumalize.” Mdogo wangu ndiye huyohuyo mtoto wa mwisho anayeachiwa nyumba! Sheria za nchi nyingi humnyang'anya mrithi kile alichoachiwa iwapo yeye ndiye aliyeshuhudia wosia, na hata pasipo na sheria hiyo, mlango wa kuupinga wosia unakuwa umefunguliwa. Mimi si mwanasheria, na nililijua hilo. Yeye alikwishamnyooshea kalamu. Nilipomzuia aliguna, akasema nachelewesha wateja. Mama akasema, “Mwanangu, tuondoke.” Hajakubali kukanyaga tena ofisi ya wakili yeyote.

Kisha mkatuma ankara. Ada tuliyokubaliana ilikuwa moja kwa kazi yote, lakini ankara ina mstari wa “ushauri wa ziada” usioeleza ushauri upi, ulitolewa na nani, wala ulichukua muda gani. Kama ni ule wa mapokezini, watozeni wote waliousikia. Fedha tuliyotanguliza ilikuwa ya kazi ambayo haijakamilika, kwa hiyo nataka maelezo ya maandishi iko wapi leo.

Nilikusudia kuishia hapo na kudai mtuombe radhi tu. Lakini barua yenu ya kujibu malalamiko yangu ya awali imefika, na tukio lote mmeliita “kutoelewana kulikojitokeza”. Basi nakurudisha mapokezini, tuone ni nani hakumwelewa nani.

Mzee anayetembea kwa fimbo aliitwa kwa yaliyomo kwenye wosia wake. Kijana anayeweza kuwa mjukuu wake hakumpa hata shikamoo. Alisimama juu yake, yeye ameketi, akasoma ukurasa wa kwanza, akalamba kidole, akafunua wa pili. Mhudumu wenu wa mapokezi aliacha kuandika akawa anasikiliza. Nilisema, “Samahani wakili, tunaweza kuingia ndani?” Akanijibu, “Subiri, hapa ni dakika moja tu,” akaendelea. Na alipouliza habari ya akili timamu, mtu mmoja alicheka. Mama alijifunika uso kwa kiganja na hakukiondoa mpaka tulipoingizwa ndani. Kwa hilo ninyi mnaandika “kutoelewana”.

Sasa nataka barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa mama, kwa jina lake, yenye saini yako wewe Wakili Mkuu na si ya karani. Nataka jalada zima, rasimu zote na kumbukumbu za mazungumzo, ili wakili mwingine aendelee. Nataka ada yote irudishwe, si nusu kama mlivyodokeza, maana hakuna hata hati moja iliyokamilika. Gharama ya wakili mwingine nayo mtaibeba ninyi, pamoja na ya kumfuata mama nyumbani, kwa kuwa ninyi ndio mliomfanya aogope kutoka.

Na hati halisi ya nyumba. Tuliileta ili maelezo ya kiwanja yaandikwe sawasawa kwenye wosia, na mhudumu wenu sasa anasema haitoki mpaka ankara ilipwe. Najua wakili anaweza kuruhusiwa kushikilia nyaraka za mteja anayedaiwa ada halali. Ada halali tulilipa. Mnachodai ni ule mstari usio na maelezo, na kwa mstari huo mmekaa na nyumba ya mama yangu kabatini.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku ya 15 nitaipeleka, pamoja na majibu yenu, risiti na ankara, kwenye chombo kinachosimamia nidhamu ya mawakili, na nitamtaja wakili huyo kwa jina. Jirani yetu amekubali kuandika alichokisikia, neno kwa neno. Hati ya nyumba isipokuwa mikononi mwa mama siku hiyo, chombo hicho hakitakuwa mwisho: nitafungua shauri mahakamani la kuidai, na fidia juu yake.

Hati itangulie. Mengine yafuate ndani ya muda huohuo.

Wako,
Mtoto wa mteja wenu, kwa idhini yake